Mwongozo kamili: Kumuuguza nyumbani aliyefanyiwa upasuaji wa busha

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mzee alipasuliwa, akatoka salama, siku ya sita kavimba tena. Busha limerudi?" Mara nyingi halijarudi. Ni damu na majimaji ya kidonda yaliyojikusanya kwa sababu mzee aliachwa atembee bila kutundikwa, yaani mfuko wa korodani haukushikiliwa juu kwa nguo, au alipanda baiskeli, au alikwenda kupima korosho. Upasuaji wenyewe huisha ndani ya saa moja hivi. Kinachobaki ni kazi ya nyumbani, na ni ya wiki sita.

Nimefanya uuguzi wodi ya wanaume huku kusini mwa Tanzania, na wagonjwa wa busha ni wengi kwa sababu matende na mabusha ni ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na mbu, na pwani yetu ina mbu wa kutosha. Mwongozo huu ni wa mke, mtoto, mpwa au shemeji anayekabidhiwa mgonjwa pamoja na karatasi ya ruhusa. Daktari aliyempasua akikuambia tofauti na niliyoandika hapa, mfuate yeye. Ndiye aliyeona ndani.

## Vitu vya kuandaa kabla hajarudi

Vinunue mapema. Mgonjwa akishafika nyumbani hutapata nafasi ya kuzunguka madukani.

- Chupi tatu za pamba, za kubana, mpya. Bukta haifai.
- Kanga mbili kuukuu zilizofuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa pasi.
- Taulo moja nene.
- Pakiti za gozi safi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda) na plasta ya kubandikia.
- Sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, na beseni litakalokuwa la mgonjwa peke yake.
- Kipimajoto kutoka duka la dawa.
- Misuli miwili ya kuvaa kiunoni. Suruali isahauliwe kwa sasa.
- Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kingo za tundu zikasuguliwa zisikwaruze. Sababu yake utaiona mbele.
- Chandarua.
- Daftari na kalamu.

Kwa wa Newala na Tandahimba, ongezeni madumu ya maji. Kule juu maji yakikatika yanaweza kukatika kweli, na kidonda hakisubiri zamu ya bomba.

## Hatua ya 1: Usitoke wodini bila majibu matano

Hapa ndipo makosa ya kwanza hufanyika. Ndugu wanafurahi, gari linasubiri nje, kila mtu anasema "asante daktari" na kuondoka. Kaa kitako, toa daftari, uliza:

1. Nyuzi ni za kuyeyuka au za kutolewa? Kama ni za kutolewa, tarehe ngapi? Mara nyingi ni kati ya siku ya 7 na ya 14.
2. Kuna mpira wa kutolea damu umeachwa? Kwa kawaida hutolewa ndani ya siku moja au mbili. Asirudi nao nyumbani bila maelekezo.
3. Bandeji ya kwanza ifunguliwe lini na nani?
4. Dawa zipi, saa ngapi, kwa siku ngapi?
5. Usiku kikitokea kitu, twende wapi?

Kama mgonjwa ana kisukari, presha, anatumia ARV au dawa za kufanya damu iwe nyepesi, taja hapo hapo. Dawa za kisukari, presha na ARV haziachwi kwa sababu ya upasuaji mpaka daktari aseme. Za damu nyepesi zina utaratibu wake, uliza tarehe ya kuzirudia.

Usikubali kuondoka kabla hajakojoa. Sindano ya ganzi ya mgongoni inaweza kukifanya kibofu kigome kwa saa kadhaa, na mwanaume aliyejaa mkojo akiwa njiani kati ya hospitali ya Nyangao na kijijini ana mateso mawili kwa pamoja.

## Hatua ya 2: Safari ya kurudi

Bodaboda hapana. Najua bei, na najua kijiji kisichofikiwa na gari. Lakini kiti cha pikipiki kinakandamiza pale pale palipokatwa, na kila shimo la barabara ni pigo. Tafuta bajaji au gari, na ikibidi lala mjini kwa ndugu siku mbili.

Kwenye gari akae kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya mfuko wa korodani. Dereva aombwe apunguze mwendo kwenye matuta. Akishuka, ateremshe miguu yote miwili kwa pamoja.

## Hatua ya 3: Siku mbili za kwanza

Kazi yako siku hizi mbili ni moja: kuzuia damu isijikusanye. Mfuko wa korodani hauna mfupa wala msuli mnene wa kubana mishipa iliyokatwa. Ni ngozi laini inayotanuka. Damu ikivuja kidogo kidogo, inapata nafasi ya kujaa.

Alale chali, kichwa kwenye mto. Kunja taulo iwe kama mkeka mdogo mnene, iweke juu kati ya mapaja, kisha mfuko ukae juu yake, uwe juu kuliko mapaja. Tafadhali usiviringe duara kama kata ya kubebea ndoo. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini duara hubana pembeni na kuacha katikati kuning'inia, uvimbe ukaongezeka.

Barafu husaidia. Zile za vifuko zinazouzwa mitaani zinatosha. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, kisha kwenye kitambaa, weka dakika 15 na uondoe. Rudia mara nne au tano kwa siku, siku mbili tu. Ganzi ikiwa bado haijaisha usiweke kabisa, kwa sababu hatahisi ngozi ikiungua kwa baridi.

Asilale tu kama gogo. Kila saa akiwa macho akunje na kukunjua vifundo vya miguu, na jioni ya siku ya kwanza, kama daktari ameruhusu, atembee hatua chache chumbani akiwa ametundikwa. Damu inayolala miguuni inaweza kuganda.

Utajua mambo ni mazuri ukiona doa la damu kwenye bandeji lisilozidi sarafu ya shilingi 200, na halikui. Mfuko utakuwa umevimba kama chungwa, ngozi inang'aa, na weusi wa damu iliyovilia unaweza kuteremka mpaka uumeni na mapajani. Inatisha kuiangalia, lakini ni ya kawaida na hufifia.

Rudi hospitali saa hiyo hiyo kama asubuhi ilikuwa chungwa na mchana ni dafu, au bandeji imelowa mpaka inadondosha.

## Hatua ya 4: Kutundika, kazi isiyokuwa na likizo

Ukisoma hatua moja tu, soma hii. Wagonjwa wengi walionirudia wakiwa wamevimba walikuwa wamefuata kila kitu isipokuwa kutundika, au walitundika wakaacha siku ya nne kwa sababu ya joto.

Kila anaposimama au kukaa, mfuko uwe umeshikiliwa juu. Kwa wengi, chupi ya kubana inatosha: avae akiwa amelala, apandishe taratibu, kisha wewe uweke gozi moja au mbili zilizokunjwa chini ya mfuko ili ukae juu na usiguse moja kwa moja mshono wa chupi.

Kwa aliyekuwa na busha kubwa sana, chupi haitashika. Ngozi iliyobaki ni nyingi na legevu. Hapo tumia kanga, na wazee wetu walishatupa namna: piga uwinda. Kanga ya kwanza ikunje kwa urefu mpaka iwe na upana wa vidole vinne, ifunge kiunoni. Ya pili ikunje iwe pana kama kiganja kilichofunguliwa. Ichomeke mbele kwenye mkanda, ipitishe katikati ya miguu ikiwa imeupakata mfuko, uivute nyuma na uichomeke tena. Uivute akiwa amelala, si amesimama, maana akisimama uzito umeshashuka.

Pima hivi: vidole viwili vipite chini ya kanga bila kulazimisha. Vikipita vitatu, imelegea. Kisipopita hata kimoja, umebana mno. Kisha asimame. Akisema "hainivuti," umefaulu. Akisema inamvuta kwenye kinena, mlaze uanze upya. Nimeshawahi kuanza upya mara tano kwa mzee mmoja wa Mikindani, mara ya tano akanitania kwamba hata mkewe hakumvisha nguo kwa uangalifu ule siku ya harusi.

Ibadilishwe kila siku na kila inapolowa jasho. Endelea usiku na mchana wiki mbili za mwanzo, kisha mchana tu mpaka wiki ya sita.

## Hatua ya 5: Kidonda

Bandeji ya kwanza kwa kawaida huachwa kwa saa 48 kama haijalowa. Katika muda huo aoge kwa kufutwa kwa kitambaa, maji yasifike pale.

Baada ya hapo, kama daktari amekubali, utaratibu ni huu, mara moja kwa siku na kila kinapochafuka:

Nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Mimina maji yaliyochemshwa na kupoa yateremke juu ya kidonda na sabuni kidogo, bila kusugua. Kausha kwa gozi kwa kugusa-gusa. Kisha mwache alale dakika kumi kidonda kikiwa wazi kipate hewa, mlango umefungwa kwa ajili ya faragha. Eneo lile ni la mikunjo na jasho, na kwa joto la Lindi unyevunyevu ndio adui mkubwa kuliko vumbi. Weka gozi kavu, mtundike.

Kisichotakiwa: spiriti, majivu, unga wa majani, dawa ya meno, poda ya mtoto, asali ya kuokota, na kukaa kwenye beseni la maji ya chumvi wakati mshono bado mbichi. Bahari pia isubiri, hata kwa mvuvi. Maji ya kuloweka hulainisha mshono ukaachia.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya wodini havina. Msimu wa kubangua korosho, mwuguzaji anaweza kutoka jikoni na mikono yenye mafuta ya ganda. Mafuta yale huunguza ngozi nzima, sembuse kidonda. Kama umebangua leo, mtu mwingine aoshe kidonda.

Kidonda kinachopona huwa na kingo zilizoshikana, ukoko mkavu mwembamba, kuwasha kidogo kuanzia wiki ya pili. Chini ya mshono utahisi kitu kigumu kama kamba nene. Hicho kinalainika chenyewe. Kinachoharibika hutoa usaha, kinanuka, wekundu au weusi wenye joto unapanuka kila siku, au mshono unafunguka.

## Hatua ya 6: Dawa

Parasetamoli kwa mtu mzima: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Mzee aliyekonda sana au mwenye tatizo la ini apewe kipimo alichoandikiwa. Mpe kwa saa, usisubiri aanze kukunja uso. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Na usichanganye na vidonge vya mafua, maana vingi vina parasetamoli ndani.

Akiandikiwa diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, ale kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo au tatizo la figo aseme kabla ya kumeza. Antibayotiki, kama zimeandikwa, zimalizwe. Kama hazikuandikwa, usiende kumnunulia za rangi mbili dukani "kwa usalama."

## Hatua ya 7: Choo na chakula

Hii watu huidharau mpaka siku ya tatu. Dawa za maumivu makali na kulala hufunga choo, na kujikamua kunasukuma damu na kuvuta mshono. Choo cha shimo kinaongeza taabu: kuchuchumaa kunavuta ngozi yote ya pale.

Ndiyo maana ya kile kiti kilichotobolewa. Kiweke juu ya shimo, kishikilie kisiteleze, akae. Mjomba wangu alikikataa siku ya kwanza, akasema ni cha wanawake wazee. Siku ya pili alikiomba mwenyewe, na nyumba nzima sasa inakigombania.

Chakula ni cha kawaida: mbaazi, kisamvu, papai, samaki, ugali wa muhogo usiwe peke yake. Maji lita mbili kwa siku kama hana katazo la figo au moyo. Ugoro na sigara vinachelewesha kidonda.

Kuhusu sala, sheria inamruhusu mgonjwa kusali amekaa au amelala. Rukuu na sijda katika wiki ya kwanza zinaumiza bure.

Na wageni. Ukarimu wetu unaua. Watani wakija watamchekesha, na kucheka kunauma. Akicheka au akikohoa, aushike mfuko kwa kiganja juu ya nguo. Au uwaambie watani waje wiki ijayo, ingawa sijaona mtani aliyekubali.

## Hatua ya 8: Siku ya tano hadi ya kumi na nne, pale panapoharibika

Maumivu yanapungua. Mgonjwa anaanza kuona aibu kulala wakati wengine wako shambani. Anaamka, anachukua jembe "kidogo tu." Juu pamepona, ndani bado.

Nitamsema mjomba tena, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Alipasuliwa Oktoba, korosho zikiwa zinaokotwa. Siku ya sita niliingia zamu ya usiku, asubuhi nikamkuta ameketi upenuni, msuli una doa jekundu. Alikuwa amepanda pikipiki mpaka chama cha msingi, chama cha ushirika kinachonunua korosho, kupima mzigo wake kwa sababu hakumwamini mtu mwingine asimame mbele ya mzani. Akaniambia, "Mpwa wangu, kidonda kimepona. Hiki ni kiti cha pikipiki tu." Uvimbe ulikuwa umefikia dafu. Tulimrudisha, wakafungua upya, wakatoa mabonge ya damu, na wiki sita zikaanza kuhesabiwa kutoka sifuri.

Nilichopaswa kufanya ni hiki, nawe kifanye kabla ya upasuaji:

- Kama si dharura, panga upasuaji nje ya msimu wa korosho, na nje ya miezi ya kupulizia mikorosho salfa.
- Kama tarehe haibadiliki, yeye mwenyewe amteue atakayesimama kwenye mzani, na amtambulishe kwa katibu wa chama.
- Funguo za baiskeli na pikipiki azishike mtu mwingine. Sifanyi mzaha.

Katika siku hizi atembee ndani ya ua mara kadhaa kwa siku, asibebe kinachozidi dumu la lita tano, na alale mchana saa moja mfuko ukiwa juu ya taulo.

## Hatua ya 9: Wiki ya tatu hadi ya sita

Kazi za kukaa anaweza kuzirudia. Kulima, kupanda mnazi, kuvuta nyavu, kubeba gunia na kuendesha baiskeli visubiri wiki ya sita na ruhusa ya daktari.

Tendo la ndoa nalo lisubiri wiki nne hadi sita. Hili lisemwe waziwazi kwa wote wawili, mke na mume, maana nimeona ndoa zikinuna kwa kukosa kuambiwa. Wanaume wengi wanaogopa kwamba "nguvu zimekatwa." Upasuaji huu haugusi uume, na kwa kawaida korodani huachwa mahali pake. Kinachoondolewa ni maji na sehemu ya kifuko kilichoyashika. Kusimama kwa uume usingizini si hatari.

Uvimbe mgumu unaweza kuchukua hadi miezi mitatu kwisha. Muhimu ni kwamba kila wiki uwe mdogo kuliko iliyopita. Andika daftarini: chungwa, limau, yai.

## Usisubiri kesho ukiona haya

- Joto la mwili nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka.
- Uvimbe unaokua kwa haraka, au maumivu yanayoongezeka licha ya dawa.
- Usaha, harufu mbaya, ngozi kuwa nyeusi na kufa, mshono kuachia.
- Kutokojoa kwa saa nane.
- Kichwa kuuma vibaya kila anapoketi, baada ya ganzi ya mgongoni.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana. Hili ni la kukimbia, si la kutembea.

Anza na zahanati kama ndiyo iliyo karibu, lakini nenda na daftari na karatasi ya ruhusa. Muuguzi akijua siku ya upasuaji na dawa zilizotumika, haanzi kubahatisha.

## Baada ya miezi mitatu

Upasuaji umeondoa maji, haujaua minyoo iliyo mwilini. Zoezi la kingatiba, la kugawa dawa kwa watu wote, likipita kijijini, ameze ivermectin na albendazole kama wengine, na alale ndani ya chandarua. Kama mguu nao una matende, uoshwe kwa sabuni kila siku na kukaushwa mpaka katikati ya vidole.

Mjomba alirudi kuvaa suruali mwezi wa tatu. Zote zilikuwa zimeshonwa pana mbele, kwa miaka mingi. Alizifunga kwenye fuko moja akazipeleka kwa fundi zipunguzwe, na akakataa nimsindikize.